Treni ya Baba Mdogo

Ukimwambia kijana wa Moshi leo kwamba unasikiliza hamonika, atakuuliza ni wimbo gani, wa enzi zile yuko Wasafi au hizi mpya? Anadhani unamsema Harmonize. Inabidi uanze kueleza: hapana bwana, kile kinanda cha mdomo, kirefu kama sega, unakipuliza na kukivuta. Hapo atasema, "Aaa, kile cha watoto." Na mimi siwezi kumlaumu, maana maneno hayohayo niliwahi kuyasema, tena mbele za watu, kwa mtu ambaye sikupaswa kumwambia.

Mtu huyo ni baba mdogo, kitinda mimba wa babu yangu. Anaishi Shirimatunda, na pale barabarani ana kibanda cha kutengeneza baiskeli: pampu moja, beseni la maji la kutafutia pancha, na matairi yaliyochoka yakining'inia ukutani. Kabla ya hapo, miaka ya themanini, alikuwa mpagazi. Alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mara nyingi kuliko anavyokumbuka mwenyewe. Mandara, Horombo, Kibo, mzigo kichwani, kisha kushuka. Katika safari mojawapo mgeni wa Kijerumani alimpa bahshishi yake pale getini, akamwongezea soksi za sufu na hamonika. Soksi ziliisha zamani. Hamonika ipo hadi leo.

Hakufundishwa na mtu. Alianza na nyimbo za kanisani kwa sababu ndizo alizokuwa nazo kichwani, akaja kwenye nyimbo za redioni, halafu akatengeneza kitu chake mwenyewe: treni. Utotoni alikuwa akitoroka nyumbani kwenda stesheni ya Moshi kuangalia treni ya abiria ikiingia kutoka Dar es Salaam, na ile sauti haikumtoka tena. Akiipiga, anaanza taratibu, anavuta na kupuliza kwa mpigo mzito, injini inajikokota. Mpigo unakaza, magurudumu yanaruka kwenye maungio ya reli. Kisha anafunika viganja, anavuta matundu mawili kwa pamoja, na honi inalia mbali, kama vile bado iko Kahe. Sisi watoto tulikuwa tunapanga foleni, mikono mabegani, tunaizunguka migomba ya bibi mpaka tunadondoka. Treni yenyewe ya abiria ilishaacha kuja Moshi. Kwa hiyo treni ya kwanza niliyoijua maishani ilikuwa hiyo ya mdomoni mwa baba mdogo.

Sasa nieleze kosa langu. Ilikuwa Krismasi ya mwaka 2016. Msomaji wa kwetu anajua Krismasi ya Uchagani ilivyo: hata aliyeko wapi, anarudi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, nimekuja na spika yangu ndogo ya kuunganisha na simu, najiona. Mbuzi ameshachinjwa, mbege inazunguka, wageni wamejaa uani. Baba mdogo akatoa hamonika yake mfukoni, akaipangusa kwenye shati, akaanza wimbo wa Noeli. Ulikuwa na sehemu moja ambayo sauti yake ilikuwa inadondoka ghafla, inakwenda chini, halafu inarudi juu. Kila akifika hapo, inadondoka. Nilishaisikia tangu utoto, lakini siku hiyo masikio yangu yalikuwa ya chuo kikuu.

Nikasema, "Baba, hapo unakosea. Miaka yote unakosea palepale. Hebu weka hicho kidude cha watoto tupige muziki."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Akaipangusa tena, akairudisha mfukoni. "Haya, wekeni muziki," akasema. Hakununa wala hakunigombeza. Spika ikaunguruma mpaka usiku, na mimi nikasahau.

Ilinichukua muda kuona kwamba hakupiga tena. Krismasi iliyofuata hakupiga, na iliyofuata hakupiga. Desemba 2019 treni ya abiria iliporudi Moshi baada ya miaka zaidi ya ishirini, tulikwenda stesheni kuipokea pamoja na umati mkubwa, simu zote zikiwa juu zinarekodi. Honi ilipolia nilimgeukia. "Baba, hukuja nayo?" Akapapasa mfuko wa shati ulio mtupu. "Ya nini? Si yenyewe hiyo imekuja."

Hapo ndipo ningepaswa kuelewa. Sikuelewa. Nilikuja kuelewa kupitia kitabu, na ndiyo maana nayaandika haya hapa kwa wasomaji wenzangu.

Mwaka 2022 rafiki aliniazima kitabu cha David C. Morton na Charles K. Wolfe kilichotoka mwaka 1991, kinachohusu maisha ya DeFord Bailey. Nilikichukua kwa sababu ya picha tu: mzee mdogo wa umbo, kofia kichwani, hamonika mdomoni. Bailey alizaliwa mwaka 1899 kijijini Tennessee, Marekani. Akiwa na miaka mitatu alipata polio, akalala kitandani muda mrefu, na wakampa hamonika ya kuchezea ili asihangaike. Cha watoto, naam. Alipopona, urefu wake haukufika hata futi tano, lakini alikuwa na pumzi. Njia yake ya kwenda shule ilipita karibu na daraja la reli, na alikuwa akikaa chini yake kusikiliza treni ikipita juu. Akaisoma sauti ile miaka na miaka, akairudia mdomoni. Niliposoma ukurasa huo nilikiweka kitabu chini, nikatoka nje kupunga upepo.

Treni yake ilikuja kuwa santuri, "Pan American Blues", iliyorekodiwa mwaka 1927 na kupewa jina la treni ya kweli iliyokuwa ikienda New Orleans. Hapa niseme kwamba blues ninayoisema si zile nyimbo za taratibu tulizokuwa tukiziita blues kwenye disko, wawili wawili, taa zimezimwa. Ni muziki wa Wamarekani Weusi wa Kusini, watu wa mashamba ya pamba na reli. Bailey alikuwa mmoja wa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Nashville ambacho hadi leo kinaitwa Grand Ole Opry. Jina lenyewe lilizaliwa usiku mmoja wa mwaka 1927. Kipindi cha muziki wa kitaalamu wa Ulaya kilikuwa kimeisha, Bailey akapiga treni yake, na mtangazaji George D. Hay akatania kwamba mmemaliza kusikiliza opera ya wakubwa, sasa sikilizeni ya kwetu. Utani ukawa jina. Kwa maneno mengine, taasisi kubwa kabisa ya muziki wa kantri ilipata jina lake nyuma ya pumzi za mtu mweusi mwenye kidude cha watoto.

Alizunguka na wanamuziki weupe mji kwa mji. Jukwaani alishangiliwa. Ukifika wakati wa kula na kulala, hoteli zilizowapokea wenzake zilimfungia mlango. Kisha mwaka 1941 ukatokea mgogoro wa haki za nyimbo kati ya vituo vya redio na chama cha watunzi, na nyimbo nyingi zikapigwa marufuku hewani, zikiwemo alizozizoea Bailey. Akaambiwa alete mpya. Wasikilizaji walikuwa wanataka zilezile. Mwaka huohuo akaachishwa. Miaka michache baadaye Hay huyohuyo akaandika kwamba Bailey alikuwa mvivu, hakutaka kujifunza nyimbo mpya.

Mwanamuziki huyo akaenda kung'arisha viatu. Alikuwa na kibanda chake mjini Nashville, akakaa nacho miaka mingi, na wateja wengi hawakujua anayewapigia rangi ni nani. Alikuwa anapiga hamonika yake nyumbani na kwa watu aliowapenda. Morton alikutana naye mwaka 1973 akiwa mzee anayeishi kwenye nyumba za umma. Morton alikuwa anafanya kazi kwenye mamlaka ya nyumba hizo. Bailey alikataa mialiko mingi. Alirudi jukwaani Opry mwaka 1974, akapiga pia siku aliyotimiza miaka 75. Alifariki mwaka 1982, na wakubwa wa muziki wa kantri wakamwingiza kwenye ukumbi wao wa heshima mwaka 2005, miaka 23 baada ya kuzikwa.

Nilipomaliza kitabu nikawatafuta wapiga hamonika wengine, mmoja baada ya mwingine, na nikagundua kwamba hakuna aliyekuwa na ile tunayoiita siku hizi "career" iliyonyooka. Kuna John Lee Williamson, aliyejiita Sonny Boy, ambaye ndiye hasa aliyeitoa hamonika kwenye kona ya bendi na kuiweka mbele. Aliuawa Chicago mwaka 1948, akirudi nyumbani usiku, akiwa na miaka 34. Kuna mwingine, Rice Miller, aliyelichukua jina hilohilo la Sonny Boy Williamson wakati mwenyewe angali hai, akalitumia kwenye kipindi cha redio cha Helena, Arkansas, kilichoanza mwaka 1941 na kudhaminiwa na wauza unga. Picha yake ikawekwa kwenye mfuko wa unga wa mahindi. Hebu fikiria, unasonga ugali kwa unga wenye sura ya msanii, na jina lililoandikwa pale ni la kuazima. Lakini akipiga, hakuna anayebisha kwamba ni yeye.

Na kuna Little Walter, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1930. Huyu alichukua kipaza sauti cha bei rahisi, akakifumbata pamoja na hamonika ndani ya viganja, akakichomeka kwenye amplifaya ndogo, na kidude kikatoa sauti kama ya saksafoni yenye hasira. Mwaka 1952 wimbo wake wa ala tupu, "Juke", ulikaa wiki nane kileleni kwenye chati ya Billboard ya muziki wa Wamarekani Weusi. Alikuwa na miaka 22. Mwaka 1968, akiwa na miaka 37, alifariki Chicago baada ya kuumia kwenye ugomvi.

Kitu kilichonishangaza zaidi kuliko vifo hivi ni namna walivyokigeuza chombo chenyewe. Hamonika ya kawaida ina matundu kumi, na kila tundu lina vilimi viwili vya shaba: kimoja kinalia ukipuliza, kingine ukivuta. Ilitengenezwa Ujerumani kwa ajili ya nyimbo za kwao, na kiwanda cha Matthias Hohner huko Trossingen kilianza mwaka 1857. Mpangilio wake unakupeleka kwenye kupuliza. Ukipuliza, sauti zote zinapatana, hukosei. Wapigaji Weusi wa Kusini wakafanya kinyume. Wakachukua hamonika ya C wakaipiga kwa G, kwa kuvuta. Na katika kuvuta wakagundua kwamba ukibana koo na kurudisha ulimi nyuma, noti inapinda, inashuka, inalia kama mtu. Mafundi wa Ujerumani hawakuikusudia sauti hiyo. Ni ya mtu aliyepewa chombo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake, akatafuta njia yake humo ndani.

Nasi tunao watu wetu wa kukumbuka. Miaka ya 1950 kijana wa hapahapa Moshi, Frank Humplick, alipiga gitaa na kuimba na dada zake kwa Kiswahili na Kichagga, na mmoja wa wimbo wao ukasikika kama unaunga mkono uhuru kiasi kwamba serikali ya kikoloni ikaukataza. Muulize kijana yeyote stendi kuu leo kama analijua jina hilo. Sitaki kusema Moshi haina kumbukumbu. Nasema kumbukumbu inahitaji mtu wa kuishika, na mara nyingi tuliopaswa kuishika tulikuwa tunaunganisha spika.

Nimerudia mara nyingi ile sehemu ya mwaka 1941. Ukiisoma haraka utasema kazi yake iliisha. Ukiisoma taratibu utaona hakuna kilichoisha upande wa Bailey: pumzi ilikuwepo, treni ilikuwepo, na hamonika aliendelea kuwa nayo. Kilichotokea ni kwamba mtu mwenye kipaza sauti alisema huyu hana jipya, na watu wakaamini kwa sababu aliyesema ndiye mwenye kipaza sauti. Mjini Nashville alikuwa George D. Hay. Shirimatunda nilikuwa mimi.

Nilimweleza mama haya kwa simu. Akanyamaza, kisha akasema, "Ungekuwa umevuka mpaka wa shamba lake ungeshampelekea isale." Kwetu ukimkosea mtu, unakwenda na jani la isale, na aliyeletewa jani hilo ni vigumu kukataa kusamehe. Mimi nilikuwa nalichukulia jambo lile kama utani wa Krismasi. Utani haupelekewi jani.

Basi Desemba nikarudi. Dar es Salaam nilinunua hamonika mpya, ya C, ndani ya kisanduku chake. Asubuhi mlima ulikuwa wazi kabisa, Kibo imekaa juu ya migomba kana kwamba haijawahi kufunikwa. Nikalikata jani kwenye uzio wetu, nikaenda kibandani. Alikuwa amepiga magoti anaweka kiraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja lini?" Kisha akaliona jani. Akaacha kiraka. "Hilo la nini tena? Nani amekosa?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, ya Bailey, ya Nashville, yote yakaniishia mdomoni. Nikasema tu kwamba mwaka ule nilimwambia anakosea, na kwamba kile si kidude cha watoto. Alilipokea jani, akalichomeka kwenye uwazi wa mabati, palepale juu ya pampu. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kwani ulikuwa umeshika kumbe."

Akaingia ndani akatoka na hamonika ya zamani, imefungwa kwenye kitambaa. Akachukua bisibisi nyembamba, akaifungua vifuniko taratibu kama anafungua saa. Ndani kulikuwa na vilimi vyote vya shaba vimejipanga, vimefanya kutu ya kijani kwenye kingo. Akanionyesha tundu la nne. Kilimi cha kuvuta hakikuwepo. Kulikuwa na uwazi tu na kipande kidogo cha shaba shinani.

"Hiki kilikatika mwaka wa pili tu tangu nipewe," akasema. "Horombo, usiku, baridi kali. Nilivuta kwa nguvu, kikafanya tiki. Nikasema sasa nimekwisha. Baadaye nikaona noti hiyohiyo iko huku mwanzo, tundu la kwanza, ila ni ya chini. Nikawa nikifika hapo naruka kuifuata huku."

Nikajua ndiyo ile sehemu. Ule mdondoko niliouita kosa. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa anaimba kila wimbo kwa kulizunguka shimo, kila mara anaruka matundu matatu na kurudi, na kwa haraka hiyo mimi nilikuwa nasikia mtu asiyejua wimbo.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambia nini? Watu walikuwa wanataka muziki."

Nikampa mpya. Akaigeuzageuza, akasoma maandishi, akaijaribu tundu kwa tundu kama anavyokagua tairi. Alipofika la nne akavuta. Ikalia safi. Akatabasamu kidogo, akavuta tena. Kisha akaanza wimbo ule wa Noeli, taratibu, na mimi nikawa nasubiri pale mahali, nijue noti ya juu inasikikaje baada ya miaka yote hii.

Akaruka chini.

Akaacha kupiga, akacheka mpaka akakohoa. "Mdomo umeshazoea," akasema. Akajaribu mara ya pili, akaruka tena. Mara ya tatu hakujaribu kujizuia. Na niseme ukweli, sikutaka ajizuie.

Kijana mmoja akaja akisukuma baiskeli yenye mnyororo uliokatika. Akasimama kusikiliza. Baba mdogo akafunika viganja, akabadilisha mpigo, mzito, wa kujikokota, na kijana akauliza, "Hiyo ni nini, mzee?"

"Treni ya Dar," akajibu akiwa amesogeza hamonika pembeni ya mdomo. "Kaa hapo usubiri. Bado iko Kahe."